Faharasa ya Mwalimu wa Uchapaji

Jumatatu, 4 Machi

Historia ya chuo imegeuka leo saa nne na robo asubuhi, kwenye chumba cha walimu. Mimi ndiye niliyeigeuza.

Mkuu wa chuo alituita. Kuanzia muhula ujao, alisema, masomo yetu ya ufundi yatafundishwa pia kwa kompyuta, kupitia mtandao. Wakaguzi wanakuja Ijumaa kuona kama tuko tayari. Kutakuwa na kitengo, na kitengo kitahitaji mratibu. Kisha akatoa karatasi yenye istilahi kumi na mbili za masomo ya mtandaoni, akauliza nani atawaandikia wenzake faharasa: kila neno na maana yake, tusije tukaaibika mbele ya wageni.

Mwalimu wa hesabu alikuwa anafuta miwani. Wanafunzi humwita Desimali, kwa sababu hajawahi kusema "kama saa tatu" maishani mwake; husema saa tatu na dakika nne. Kosa lake. Mkono wangu ulikuwa juu kabla miwani haijarudi puani.

Nafundisha uchapaji mwaka wa ishirini na nne huu. Maneno tisini kwa dakika, bila kuangalia vidole. Ni kweli kwamba mwaka huu nina wanafunzi saba. Ni kweli pia kuna minong'ono kwamba darasa langu litafungwa na mimi nipelekwe stoo kuhesabu misumari. Basi na inong'one. Mratibu hapelekwi stoo.

Nimeisoma karatasi mara mbili. Istilahi zote ni za Kiswahili! Jukwaa. Wingu. Darasa geuzi. Nani wa kunifundisha Kiswahili mimi?

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza faharasa baada ya chai, nimemaliza kabla ya chakula cha mchana. Desimali alichungulia mlangoni akauliza kama nimempigia yule mtaalamu ambaye namba yake iko chini ya karatasi. Nikamjibu kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Akasema kuuliza si ujinga. Nimegundua kwamba wanaosema hivyo ni wale ambao hawajui.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Jukwaa la kujifunzia: nimeeleza kuwa ni mahali palipoinuliwa, ambapo mwalimu husimama ili aonekane vizuri na kompyuta. Darasa geuzi ni darasa ambalo madawati hugeuzwa yakatazama ukuta wa nyuma, ili wanafunzi wasichoke kuona kitu kilekile. Kujifunza kwa nyakati tofauti ni ruhusa ya kuchelewa. Mrejesho ni vitu vyote ambavyo mwanafunzi ameazima chuoni na hajarudisha. Wingu lilinisumbua kidogo. Karatasi inasema kazi za wanafunzi huhifadhiwa huko. Nimependekeza juu ya kabati, maana juu ya hapo ni dari. Kupakua, kila mtu anajua, ni kutoa chakula kwenye sufuria na kukiweka sahanini. Nadhani neno hilo limewekwa ili mwalimu wa mapishi asijione ametengwa.

Jioni nilimkuta mke wangu mezani, simu mkononi, vidude vya kusikilizia masikioni, daftari pembeni. Yeye ni mkunga kwenye zahanati ya jirani. Wiki ya sita hii yuko na simu, nadhani anatazama harusi za watu. Simlaumu, kazi yake inachosha. Nikamwonyesha faharasa ili naye apanuke kidogo. Akaisoma, akavua kidude kimoja, akaanza kusema, "Baba Watoto, hili jukwaa..." Nikamwambia asijitaabishe, mambo haya ni ya kitaalamu. Akanitazama. Akarudisha kidude sikioni.

Jumatano, 6 Machi

Nakala thelathini zimegawiwa. Mkuu aliweka sahihi akiwa mlangoni, mkoba begani, akielekea kwenye mkutano wa siku mbili. Hakusoma. Huko ndiko kuaminiwa.

Desimali alisoma kurasa zote, tena kwa kalamu. Kisha mbele ya walimu wote akauliza, kwa ile sauti yake ya pole, kama jukwaa si kitu kilichomo ndani ya kompyuta. Nikamuuliza mwalimu atasimamaje ndani ya kompyuta. Walicheka sana. Yeye hakucheka. Sikuwahi kupendwa kiasi hicho katika chumba kile.

Mwalimu wa useremala amekubali kujenga jukwaa mara moja: mita tatu kwa mbili, ngazi tatu, mbao nzito. Anasema hajawahi kupewa kazi ya maana namna hiyo na kitengo chochote. Sikumsahihisha kuhusu kitengo.

Alhamisi, 7 Machi

Utekelezaji. Nusu ya wanafunzi wameingia saa nne asubuhi, faharasa mkononi, wakamwonyesha mlinzi wa geti mstari unaohusu nyakati tofauti. Madarasa matano yamegeuzwa. Mwalimu wa umeme analalamika kwamba amefundisha visogo kipindi kizima. Kazi za darasa la ushonaji zimeanguka kutoka kwenye wingu na kumwangukia mwalimu wao, ila hakuumia sana.

Lakini mrejesho! Tangazo moja tu ubaoni, na kufikia saa nane zimerudi mikasi thelathini na mmoja, nyundo mbili, na ngazi ya chuma ambayo hakuna aliyejua kama ilipotea. Mwalimu wa ushonaji alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nani mwingine katika chuo hiki amewahi kuleta matokeo kama hayo kwa ukurasa mmoja?

Jukwaa limekamilika, limepigwa varnishi, liko ukumbini. Nimepanda. Kutoka pale ukumbi mzima unaonekana mdogo.

Mke wangu aliniomba tena jioni tukae dakika kumi tupitie faharasa pamoja kabla wageni hawajaja. Nimemwambia nimechoka, kesho nina siku kubwa. Amenipigia pasi shati jeupe.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwa ufupi.

Wakaguzi walikuwa wawili, mwanamke mwenye kompyuta ya mkononi na mwanamume mwenye daftari. Mkuu alikuwa amerudi. Mwanamke aliomba kuona jukwaa letu. Niliwaongoza mwenyewe hadi ukumbini, nikavuta kitambaa.

Waliangalia ngazi, kisha wakaniangalia mimi. Nilidhani wamevutiwa.

Mwanamke akauliza wanafunzi wanaingilia wapi. Nikamwonyesha ngazi. Akauliza linaweza kubeba watumiaji wangapi kwa wakati mmoja. Nikamgeukia mwalimu wa useremala, naye akasema thelathini, wasiporukaruka. Mwanamume akaandika. Akauliza tunalindaje nenosiri. Nikamhakikishia kwamba katika chuo hiki hatuna siri.

Hapo Mkuu aliomba radhi akatoka nje.

Baadaye aliniita ofisini. Hakunifokea, na ingekuwa afadhali angefoka. Nakala ya faharasa ilikuwa mbele yake, imefunguliwa kwenye kupakua.

"Mwalimu," alisema, "namba ya simu ilikuwa pale chini. Kwa nini hukuuliza?"

Nilitazama kiti. Akanieleza kwamba wakaguzi watarudi Jumanne ya tarehe kumi na tisa na wakikuta mambo haya haya, chuo hakitapewa kibali. Desimali ndiye mratibu. Darasa la uchapaji litafungwa mwisho wa muhula. Stoo wamesema wana meza.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikapita njia ndefu ya nyuma ya soko, nisikutane na mtu.

Jumamosi, 9 Machi

Nilimwambia mke wangu kichwa kinauma. Alikuwa anajua yote. Mke wa mwalimu wa useremala huhudhuria kliniki kwake, na kliniki hakuna kisichofika.

Aliniketisha mezani, akaweka simu kati yetu, akaifungua. Hazikuwa harusi. Ni kozi ya wakunga, wiki ya sita, moduli kumi na moja, na yeye yuko ya kumi. Kila Jumanne huwa na darasa la moja kwa moja na mwalimu aliye mbali. Mengine yamerekodiwa, huyasikiliza akipata nafasi, na hizo ndizo nyakati tofauti. Akanionyesha jukwaa: ni mahali pamoja ndani ya mtandao ambapo masomo, majaribio na alama zote zinakaa, na wewe unaingia kwa jina lako na nenosiri. Wingu ni kompyuta za watu wengine, mbali, zinazokutunzia kazi. Kupakua ni kuitoa kazi huko na kuileta kwenye simu yako. Darasa geuzi maana yake unasoma nyumbani kwanza, darasani mnakwenda kujadili.

Akanionyesha pia uwanja wa majadiliano, ambako alibishana siku tatu na mkunga wa mji mwingine kuhusu namna ya kumlaza mama mwenye presha. Alimshinda. Sikujua mke wangu anaweza kubishana siku tatu. Nyumbani huwa ananiachia.

"Na mrejesho," akasema, "ni mwalimu kukwambia ulipokosea, ili usirudie."

Nikauliza kwa nini hakuniambia haya yote mapema.

"Nilianza kukwambia. Ulikuwa na haraka ya kunifundisha."

Tulikaa saa mbili. Hakunicheka hata mara moja, isipokuwa nilipofika kwenye ngazi. Hapo aliinuka kwenda kutazama jiko, akakaa huko muda, na mabega yake nikayaona yakitikisika.

Jumatatu, 11 Machi

Desimali amekuja darasani kwangu saa tatu na dakika saba. Nilisimama nipokee kejeli yangu kiume.

Hakuleta kejeli. Ana video kumi na nne za masomo, walimu wamejirekodi kwa simu, na kila video lazima iwe na manukuu, yaani maneno ya mwalimu yakipita chini ya picha, kwa ajili ya wanafunzi wasiosikia vizuri na wale wasio na mtandao wa kutosha sauti. Amefanya dakika mbili za video ya kwanza. Zimemchukua Jumapili nzima. Anachapa kwa kidole kimoja, tena kwa kukitafutia njia. Akasema kwa unyenyekevu kwamba amekuja kuuliza kama naweza kumsaidia.

Nilikaa. Nikamwambia awashe video. Mwalimu wa mapishi akaanza kusema, vidole vyangu vikaenda naye, neno kwa neno, akimaliza nami nimemaliza. Wanafunzi wangu saba wakasogea nyuma yangu. Desimali akavuta kiti karibu, akatazama mikono yangu kama mtu anayetazama mvua baada ya kiangazi. Sikugeuka, ila nilijua Mkuu amesimama mlangoni, kwa sababu wanafunzi walinyooka.

Mkuu akaondoka. Saa saba kimekuja kikaratasi chake: uchapaji hautafungwa. Utafundishwa ndani ya kitengo, na kazi yangu ya kwanza ni manukuu, chini ya mratibu.

Nimeandika kwenye mlango wangu: NAIBU MRATIBU. Hakuna aliyeniambia niandike. Hakuna aliyeniambia nifute.

Jumatano, 20 Machi

Kibali kimetoka jana! Wakaguzi wamesifu manukuu kwa jina. Desimali alisimama mbele ya wote akasema bila mimi tusingefika. Ni mtu mwenye kuona mbali, nimekuwa nikilisema hilo siku zote.

Na leo mke wangu amepata cheti chake. Asilimia tisini na nne! Nimekipeleka kwa fundi wa fremu mwenyewe, nikamweleza fundi, wateja wake wawili, na mama aliyekuwa anapita, kwamba huyo ni mke wangu. Nilipomwambia fundi atengeneze fremu mbili, akauliza ya pili ni ya nini. Ya kwangu, nikamjibu.

Maana kwenye jukwaa lilelile nimeona kozi fupi ya kumhudumia mama mjamzito, iko wazi kwa yeyote. Nimejisajili mchana huu. Nimechagua nenosiri gumu. Ina moduli tisa za kusoma kwanza, lakini hizo ni za watu wanaoanza kabisa, na mimi nina watoto wanne. Nimekwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa mwisho. Maswali arobaini. Dakika sita.

Asilimia tano. Mrejesho ukatokea papo hapo, kwa herufi nyekundu, ukinishauri nirudi moduli ya kwanza au nimuulize mwezeshaji.

Sina kinyongo na mashine. Nimewaandikia kwenye uwanja wa majadiliano, kwa adabu na bila kosa hata moja la uchapaji, kwamba majibu yao kuanzia swali la tatu hadi la arobaini hayako sawa. Nimewapa wiki moja wasahihishe.