Mgomo wa Kila Mwezi

Jumatatu, 12 Mei

Makomredi! Ninyi kurasa tupu, wasikilizaji pekee mlionibakia, simameni imara. Leo jopo la uchumi limelikataa andiko langu la pili la utafiti wa udaktari. Limesema ni hotuba, si utafiti. Nimepigwa na butwaa. Hotuba ina ubaya gani? Nitatetea la tatu Ijumaa. Likianguka, nafasi yangu inafutwa. Na Baba, kule Mkolani, ameshapaka rangi getini: KWA DOKTA. Jana jirani alimpelekea mtoto mwenye matumbwitumbwi.

Jumanne, 13 Mei

Kirumba, mwaloni, penye soko la samaki ufukweni, kusaka mada. Mshtuko! Mitumbwi ya dagaa imepangwa mchangani. Karabai zimezimwa. Wavuvi wanacheza bao mchana kweupe. Nikamwamkia muuza dagaa mmoja, Mama Mboni, nikamwuliza kulikoni. Akasema wamepumzika kwa sababu ya mwezi. Kila mwezi ni hivyo hivyo, na dagaa hupanda bei.

Kila mwezi! Ilibidi nikae juu ya gunia. Sisi wasomi tunahubiri umoja wa wavuja jasho, kumbe hawa wanagoma kila mwezi, bila chama, bila katibu, na bei inatii! Nikashusha sauti, nikauliza wanangoja nini.

"Tunasubiri giza, mwanangu. Giza likiingia tunatoka wote."

Nilisisimka hadi unyayoni. Mapinduzi yana tarehe!

Jumatano, 14 Mei

Andiko limekamilika: "Mgomo wa Kila Mwezi: Nguvu ya Wavuvi katika Kupanga Bei ya Dagaa". Bushra, hasimu wangu, ambaye jopo lilimpitishia andiko lake la bei ya maharage bila swali, amelisoma kantini. Akauliza kama nimewauliza wavuvi maana ya mwezi. Nikamjibu kwamba neno analolijua mtoto wa darasa la kwanza halihitaji utafiti. Akaumauma midomo. Ameahidi kuja Ijumaa na wenzake wote. Ajabu! Ukweli huwagusa hata mahasimu.

Jioni nilirudi mwaloni, nikapanda juu ya mtumbwi, nikatangaza kwamba giza laja. Walishangilia sana. Mmoja akauliza kama natoka mamlaka ya hali ya hewa.

Ijumaa, 16 Mei

Siku ya fedheha. Ukumbi ulijaa. Nilinguruma. Nilipofika kwenye giza, Bushra alijifunika uso kwa mtandio. Ndipo msimamizi wangu, Dokta Getruda Luhaga, mzaliwa wa Ukerewe, alipovua miwani. Akauliza dagaa huvuliwa kwa kitu gani. Nikasema kwa jasho. Akasema kwa taa.

"Dagaa hufuata mwanga, Ngosha. Mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, nani ataifuata karabai yako? Mwezi wanaousema ni huo wa angani."

Hata mlinzi wa mlangoni alicheka. Nilijitetea kwamba, kama ni hivyo, basi mwezi ndiye bepari mkuu wa Kanda ya Ziwa. Jopo likaanza kukusanya karatasi zake. Kisha Dokta Getruda akaniombea wiki mbili, kwa sharti moja: nisiandike neno la watu kabla ya kuwauliza maana yake. Ni mwanamke wa haki. Bila yeye nimekwisha.

Jumamosi, 17 Mei

Nimejikosoa kwa dhati. Kosa si langu. Ni lugha iliyokosa nidhamu.

Na leo, nikiwa bafuni hapa Mirongo, nimemsikia mama mwenye nyumba, Mama Sabina, mjane na mwimbaji wa kwaya, akimwambia jirani kwamba kesho ni zamu yake ya mchezo. Sabuni ilinidondoka. Mchezo! Wanacheza kila Jumapili, wanawake peke yao, kila mmoja na kiasi kilekile cha fedha mkononi, na mwenye zamu huondoka nazo zote! Yeye atanunua friji. Nilikumbuka lile sharti. Lakini mchezo ni mchezo. Mtoto wa chekechea anajua.

Andiko jipya: "Kamari ya Siri na Kuporomoka kwa Kaya za Mirongo". Nimempigia Baba, geti lisifutwe.

Nami nimemjua kiongozi wao. Mtunza fedha, alisema Mama Sabina, ni Dokta Getruda Luhaga. Msimamizi wangu! Sasa naelewa kwa nini wasomi wetu wanauogopa ukweli.

Makomredi, tukutane kesho Jumapili, saa kumi kamili jioni, uani kwa Mama Sabina. Mwenyekiti wa mtaa nimeshamwalika. Tutawafumania mchezoni.