Kitambaa Chenye Akili

Jumatatu, 3 Juni

Chumba cha mbele kimebaki wazi! Kile chenye kioo kizima kinachotazama barabara. Mama Mwenye Nyumba katutangazia sisi mafundi cherehani wake wawili wa uani: kaka yake, sajini mstaafu, anataka koti. Atakayemridhisha atahamia mbele. Mwingine ataendelea kutazamana na choo.

Mpinzani wangu ni Mkunjo. Tunamwita hivyo kwa sababu suruali zake zina mkunjo wa kukatia sabuni. Hupima, akapima tena, kisha akapima alichopima. Nitakuwa nimehama yeye bado yuko kwenye mabega.

Afande alikuja kupimwa, mgongo kama rula. Anataka koti la kijeshi: mikanda ya mabegani, mifuko minne yenye vifuniko, lisipitishe maji. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba anachokikosa hasa ni yale magwanda yake ya madoadoa. Aliyarudisha siku ya kustaafu, na raia haruhusiwi kuyavaa. Akapenga kamasi. Mkunjo akampa pole ndefu. Mimi sikusikiliza sana. Hayo ni majonzi, si vipimo.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata kitambaa! Kijani iliyokolea. Mchuuzi anaapa hakipitishi maji wala upepo, hakikunjamani, halafu eti kina akili. Nikamwambia mwenye akili kwenye biashara hii ni mimi. Akacheka. Nikachukua jora zima kabla hajabadili mawazo.

Mkunjo akachungulia, akauliza ni kitu gani. Nikamjibu ni pazia la bafuni.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa!

Koti limekwisha, nikalivaa kumwonyesha mke wangu. Akanipiga mgongoni kunipongeza. Kisha akasema, baba watoto, una kiganja mgongoni. Cha manjano! Vidole vyote vitano. Kikafifia chenyewe. Akanipiga tena, sasa kwa kufurahia mchezo. Kumbe hiyo ndiyo akili yenyewe: kikipata joto kinageuka rangi. Nilipopandwa na hasira, makwapa yakaiva yote mawili. Shemeji, mdogo wa mke wangu, akacheka mpaka akakaa sakafuni, akasema nafanana na papai lililoanza kuiva pabaya.

Nimpe askari koti la namna hii? Atanizungusha uwanja mzima nikiruka kichura!

Ijumaa, 7 Juni

Nimelala na aibu, nimeamka na mpango. Jora lililobaki nimemtuma Shemeji ampelekee Mkunjo, aseme limetoka kwa mjomba wake wa ughaibuni. Shemeji akagoma. Eti yule kaka wa watu hajamkosea mtu. Nikamwahidi gauni. Mgomo ukaisha.

Mchana nikamchungulia Mkunjo kwenye ufa wa mlango. Alikuwa akikipiga pasi. Ghafla akasimama. Akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakiondoa, akakodoa macho. Akaweka tena. Nikauma kidole nisicheke. Halafu akatabasamu. Maskini, mshtuko huwafanya watu hivyo.

Mimi nimeshona koti jipya la turubai. Rangi moja, halina siri.

Jumapili, 9 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi, baridi. Afande akajaribu langu kwanza. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akasema ni imara sana, lingefaa kufunikia lori. Akavaa la Mkunjo. Kijani tupu, shwari. Mkunjo akamwomba kwa adabu atembee kidogo uani. Kidogo? Nikajitolea kumhesabia hatua! Kushoto, kulia, kushoto, kulia, Afande, magoti juu! Nilitaka atoke jasho. Akatoka jasho.

Doa la kwanza likachomoza begani. La pili kifuani. Kisha mgongo mzima. Kumbe yule mjanja alikata bitana ya ndani vipande vipande, hapa nzito, pale nyepesi, joto lipenye kwa madoa. Afande akajiona kwenye kioo. Akagonganisha visigino. Akajipigia saluti mwenyewe. Mkunjo akamweleza polepole kwamba akiona polisi, asimame kivulini apoe. Koti litarudi kuwa la raia.

Mama Mwenye Nyumba alilia. Kisha akatoa ufunguo. Si kwangu.

Jumatatu, 10 Juni

Mkunjo amehama. Nimebeba mguu mmoja wa cherehani yake, kwa ajili ya ujirani. Akanishukuru kwa lile pazia la bafuni. Nikamwambia sijui anaongelea nini. Shemeji alikuwepo, anapimwa gauni. Na Mkunjo! Anampima mara tatu, na yeye hata halalamiki.

Nimetafakari sana. Kosa ni la Shemeji. Alimbembeleza yule mtu vizuri mno.

Lakini kuna ghala pale getini, linaachwa wazi mwezi huu. Mkwe wa Mama Mwenye Nyumba anaendesha pikipiki, anataka koti la kuonekana gizani. Nimeshakwenda kwa mchuuzi. Ana kitambaa kipya, anasema hiki kina akili kuliko kile.

Nimechukua jora zima. Sikuuliza ni akili gani. Yangu inatosha.