Tangi Kwanza, Kisima Baadaye

Jumatatu, 3 Februari
Nimeanza mradi. Mke wangu kanikabidhi akiba yake ya miaka tisa ya cherehani, yote kwenye fundo la kitambaa. Daktari kamkataza kubeba ndoo, nyonga imelika. Ndoo sita kila siku kutoka bomba la bondeni, na mlima wote ule. Akasema pesa hizi zina kazi tatu tu: kupima, kuchimba, pampu. Akarudia mara mbili, kama anayemtuma mtoto dukani. Mimi! Mtu niliyewahi kujenga daraja kwa siku mbili! (Siku ya tatu lilichukuliwa na mto, lakini hayo ni makosa ya mto.)

Mpwa wangu, binti wa dada, alikuwepo. Kasomea mambo ya mawe na maji chuoni, ana mashine ya nyaya na betri. Akasema, Mjomba, nitakupimia kwa nusu bei. Nikacheka. Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu ndiye anionyeshe maji yalipo?

Jumatano, 5 Februari
Nimenunua tangi! Lita elfu tano. Jeusi, linameta. Pesa ya kupima imeishia humo, na ya pampu imelisindikiza. Nimefikiri sana. Kisima kiko chini ya ardhi, nani atakiona? Tangi linaonekana mpaka barabarani.

Mwashi kauliza mnara usimame wapi. Nikazunguka uwanja, nikachagua penye udongo laini na majani mabichi, tusisumbuke kuchimba msingi. Nikamwambia amwage zege mara mbili ya kawaida. Mimi sijengi vitu vya kuanguka.

Jirani yetu Mstaafu, mwalimu mkuu wa zamani, kachungulia juu ya ua. Ana kisima miaka minne sasa na hajaturuhusu kukisahau. Kauliza kama maji nayo nimeyaagiza au yatakuja yenyewe.

Mke wangu kalitazama tangi kwa muda mrefu. Kauliza upimaji umefanyika lini. Nikasema alfajiri, yeye alikuwa amelala.

Jumamosi, 8 Februari
Akili imefanya kazi. Kisima cha Mstaafu kiko hatua tano kutoka kwenye ua. Maji hayajui ua. Nikichimba hatua moja upande wangu, nitayavuta yake, yeye akibaki anavuta hewa. Nilicheka peke yangu bafuni.

Fundi mchimbaji kaja. Mtu wa maneno machache. Bei yake ni kwa mita, na mita ni mita, maji yawepo yasiwepo. Nikauliza kama mita kavu ina punguzo. Kanitazama kama mtu aliyekwisha kuwachimbia wengi wa aina yangu. Akataka karatasi ya upimaji. Nikagonga kichwa changu, nikamwambia iko humu. Basi akaandika kwenye fomu kwamba mahali pamechaguliwa na mwenye nyumba, akanipa kalamu. Nikatia sahihi yangu ile kubwa, yenye mkia.

Jumanne, 11 Februari
Lori la kuchimbia limeingia. Limeng'oa nguzo ya geti na kamba ya kuanikia nguo. Mngurumo mpaka meno yanacheza. Vumbi jeupe limefunika nguo za Mstaafu, gari la Mstaafu na Mstaafu mwenyewe. Hilo peke yake lilikuwa na thamani ya mita kumi.

Kila mita tatu wanamwaga kichungu, kirundo kidogo cha mawe yaliyosagika, na vichungu wanavipanga kwa mstari. Kufikia mchana vichungu kumi na tano. Vikavu kama unga. Mke wangu kawaletea mafundi chai, kasimama mkono nyongani, kauliza mbona hakuna hata tope. Nikamwambia vumbi jingi ndiyo dalili ya maji mengi. Niliitunga palepale. Fundi akageukia pembeni kukohoa.

Jumatano, 12 Februari
Vichungu ishirini na nane. Mita themanini na nne. Pesa kwisha. Maji hakuna.

Fundi kanieleza kwamba chini kule hakuna ziwa, kuna mwamba wenye nyufa, na ufa wa Mstaafu huenda umeelekea upande mwingine kabisa. Nikaomba mita ishirini za mkopo. Akaanza kufungua vyuma vyake.

Mstaafu kaja, miwani imejaa vumbi. Nilijiandaa kwa kejeli. Badala yake kasema taratibu kwamba hata yeye alitoboa mashimo makavu mawili kabla ya kupata maji. Miaka minne anajisifu, leo ndiyo anasema!

Mke wangu hakupiga kelele. Kachukua ndoo, kashika njia ya bondeni, anachechemea. Nikamwita. Hakugeuka. Ningependelea kelele.

Alhamisi, 13 Februari
Nimeenda bondeni mwenyewe. Safari ya kwanza nilifika na nusu ndoo. Ya pili nilikaa kwenye jiwe, nikaona nyota mchana. Kina mama wakanipita na ndoo zao kichwani wakipiga soga. Mmoja kaniita Baba Tangi, wengine wakadakia. Nimechoka. Miaka tisa anapanda huku, na jioni anakaa kwenye cherehani.

Jumamosi, 15 Februari
Mke wangu kamwita mpwa wangu. Sikuulizwa. Nyaya zimetandazwa uwanja mzima, nami nyuma nikieleza. Mpwa wangu akasema kwa adabu, Mjomba, naomba usikanyage waya.

Ghafla akasimama. Akapima tena. Akamtazama mke wangu kwanza, kisha mimi. Kumbe ufa wenye maji umepita chini ya tangi. Katikati kabisa! Ndiyo maana majani yale yalikuwa mabichi.

Mke wangu kacheka. Kacheka mpaka kaishika nyonga kwa mikono miwili. Halafu kaniambia nikaazime nyundo kubwa.

Jumatano, 19 Februari
Siku ya nne navunja zege. Laana ya zege mara mbili! Mikono haifungi. Mke wangu kakopa kwenye kikundi chao cha kina mama. Dhamana ni cherehani. Maji yakikosekana, na cherehani inakwenda. Hanitazami. Nami nagonga.

Jumatatu, 24 Februari
Lori limerudi, wanachimba palepale tangi lilipokuwa. Kichungu cha kumi na nane, unga. Mpwa wangu anauma kucha. Cha kumi na tisa, tope. Mita ya hamsini na nane maji yakaruka juu kuliko paa! Watu wakakimbia. Mke wangu hakusogea. Kasimama palepale na tope usoni, macho kafumba. Ya machoni ni maji ya kisima au ni yake, sikuuliza. Fundi akasubiri amalize ndipo akampa fomu. Sahihi yake ndogo, haina mkia.

Jumamosi, 1 Machi
Pampu ipo, bomba lipo, kufuli lipo. Ufunguo uko shingoni kwa mke wangu. Anauza kwa ndoo mpaka deni la kikundi liishe. Nikaenda na ndoo yangu. Kasema, baba watoto, foleni inaanzia kule. Nimepanga.

Nikiwa foleni, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kapiga simu. Kasikia habari, naye anataka kisima. Nikamweleza ukweli mtupu. Nani alipaona mahali pale wa kwanza, bila nyaya wala betri? Nani alipawekea alama ya lita elfu tano, pasipotee? Nikamshauri asipoteze pesa kwa wapimaji. Anunue tangi kwanza, nije nimchagulie pa kulisimika, kisha tuchimbe chini yake.

Kanitumia nauli. Naondoka Jumatatu. Mke wangu bado hajui, maana sasa hivi ananipigia kelele kwamba ndoo yangu imejaa zamani, nisogee, wateja wanangoja.