Kiti cha Ukutani kwa Acom

Jumatatu, 7 Julai
Daktari wa Tororo amesema presha imepanda, pombe basi. Nikamuuliza basi kabisa au basi kidogo. Akamtazama mke wangu Benedeta. Udereva wa lori nimestaafu. Nyama ya nguruwe nimeacha. Sasa na hii.

Shida si ajono, pombe yetu ya ulezi, shida ni kiti. Kwa Acom mpika pombe, hapa Kwapa, tunakaa duara tukizunguka chungu, kila mtu na mrija wake mrefu. Kiti changu kinaegemea ukuta, kinatazama barabara. Ila asiyenyonya hakai. Na jirani yangu Ofumbi anakitamani kiti hicho tangu nikiwa na meno yote.

Jumanne, 8 Julai
Nimepata dawa. Nimeuziba mrija kwa kitambaa, kule chini kwenye kichujio. Naweza kunyonya mpaka Krismasi, halipandi tone. Benedeta akauliza nafanya nini. Nikasema nautengeneza mrija uwe wa kumbukumbu. Akauliza kumbukumbu ya nani, na mwenyewe bado yuko hai.

Jumatano, 9 Julai
Imefaulu. Nimenyonya mpaka mashavu yakaingia ndani. Nikafuta midomo, nikaguna kwa raha. Ofumbi akasema siku hizi pombe hainipati. Nikamwambia ni ukomavu. Nimerudi nyumbani na kiu mbaya sana.

Ijumaa, 11 Julai
Balaa. Mvua ilitukimbiza ndani, chungu kikabebwa, mirija ikaegemezwa mlangoni yote pamoja. Tulipokaa tena nikanyonya kwa nguvu zangu za kuigiza. Ajono ikafika kooni. Mrija wa Ofumbi! Kutema ni kumtukana Acom, basi nikameza. Adabu ikaniendesha hivyo mpaka jioni.

Ofumbi naye akavuta wangu, halikupanda tone. Akavuta tena, jasho likamtoka. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba pumzi zimemwisha, na marehemu baba yake kule Nabuyoga alianza hivyohivyo. Wakampakia pikipiki kwenda hospitali. Ningesema ukweli, lakini mdomo ulikuwa umejaa.

Jumamosi, 12 Julai
Mapafu ya Ofumbi ni mazima. Ila wamempima presha, imepita yangu. Naye pombe basi. Daktari amemwambia ashukuru aliwahi. Nangoja anishukuru mimi.

Hajanishukuru. Acom alipoosha mirija alivuta kitambaa chenye maua, kipande cha gauni ambalo Benedeta huvaa kanisani. Kwapa nzima inalijua. Kiti changu amepewa Akullo, mjane ambaye hata barabara haitazami. Imeniuma. Nimelia kidogo, nyuma ya choo.

Jumapili, 13 Julai
Ofumbi amekuja na mrija wake. Nilidhani ni wa kunichapa. Akasema nyumbani kwake kumekuwa kimya mno, na kwa Acom hawezi kukaa akitazama tu. Benedeta akatuwekea chungu cha chai isiyo na sukari. Tukanyonya, tukaungua ndimi, tukawasengenya wote waliobaki kule. Tumecheka mpaka jua likazama. Atakuja kila siku. Nimefurahi, sitaki kuficha.

Jambo moja tu. Alipofika alikaa upande wa ukuta, akatazama barabara. Ukuta wangu, barabara yangu. Benedeta akilala nitalitafuta lile gauni, bado lina upindo mrefu, unatosha kuziba mrija mmoja zaidi.