Muundo Mpya wa Ushirika wa Vitunguu

Jumatatu, 14 Julai 2025
Mama Agnesi, mwenyekiti wa ushirika wetu wa vitunguu, kapiga simu kutoka Same. Wakulima wamechoka na kazi kuingiliana. Wanataka muundo mpya, na hapa Kariakoo muuzaji abaki mmoja. Tuko wawili kwenye kizimba cha ushirika sokoni, mimi na Godbless. Godbless ndiye katibu pia, na wateja wanampenda, sijui kwa nini. Nikiikosa mizani hii ya kuuzia, mke wangu Josepha na watoto watakula nini? Afadhali kazi ya kuandika muundo nimepewa mimi, kwa sababu ya ile semina ya ushirika niliyohudhuria kwenye maonyesho ya Sabasaba.

Jumanne, 15 Julai
Sijalala, lakini nimepata. Kifungu cha tano: mwenye cheo haruhusiwi kuuza. Kitaalamu kabisa. Godbless hawezi kuacha ukatibu, kauweka hadi kwenye jina lake la WhatsApp. Basi mizani ni yangu. Nikaongeza na cha sita, kumchoma tu: viongozi wanajitolea, hakuna posho.

Alhamisi, 17 Julai
Nimemwonyesha Godbless rasimu. Nilitegemea anune. Kasoma taratibu, kanisifu, kaninunulia chai na chapati. Unamchimbia mtu shimo, yeye anakununulia chai? Huyu ana lake jambo.

Jumamosi, 19 Julai
Mkutano, ukumbi wa kukodi Magomeni. Wakulima wameingia na basi tangu jana. Muundo umepita bila kupingwa. Mara Mama Agnesi kasema miguu imechoka, anaachia uenyekiti. Godbless akasimama, akajiuzulu ukatibu, akasema aliyeandika muundo mzuri hivi ndiye anayefaa kuuongoza. Vigelegele! Akina mama wakanivisha kitenge. Nilihisi kuna kitu natakiwa kukumbuka, lakini makofi yale jamani. Nikakubali.

Jumatatu, 21 Julai
Nimefika kizimbani na suti ya harusi yangu. Godbless kaniamkia shikamoo Mwenyekiti, na tulizaliwa mwaka mmoja, kisha kautoa mkono wangu kwenye mizani polepole. Kifungu cha tano, kasema. Asiye na cheo amebaki yeye peke yake. Nikaulizia posho. Kifungu cha sita, kasema, na akanipisha nikae kwenye gunia. Nimekaa hadi jioni nikisimamia. Nyumbani Josepha kapakua mchicha mtupu.

Jumanne, 22 Julai
Moyo umetulia kidogo, dawa nimeipata. Kifungu cha saba: kutakuwa na meneja, atalipwa, atakuwa juu ya muuzaji, na lazima awe amehudhuria semina ya Sabasaba. Nitaachia uenyekiti siku hiyohiyo. Nani mwingine ataweza kuomba? Josepha kasoma, kauliza kwani Godbless hakuwepo kule semina. Nimemjibu alikuwepo, lakini alikaa nyuma.