Marehemu Ameteleza

Jumamosi, Februari 2012. Nilichopoteza leo: heshima yangu yote, pamoja na sinia la pilau.

Jamani, nimeaibika mpaka basi. Nawasimulia mimi mwenyewe kabla Shangazi Tatu hajawasimulia kwa chumvi. (Chumvi hiyo mtaielewa mbele.)

Leo ilikuwa arobaini ya kaka yangu, Ramadhani Shabani. Wengi wenu mlimwona tu akiteremka bonde la mto Don, hapa Toronto, na mabuti ya mpira na ndoo. Mlimwita Bwana Ndoo. Nilikuwa nasikia. Alikuwa mtafiti, lakini mimi darasa la saba, sikuwahi kuelewa anatafiti nini. Nikimuuliza anasema, "Vyura, dada." Nami nadhani ananitania.

Basi niliapa kwamba leo watu watajua alikuwa nani. Nitasoma wasifu wenye uzito.

Nikaandika jina kwenye mtandao kama alivyoliandika yeye kwenye kazi zake: R. Shabani. Loo! Kazi zikashuka kama mvua, mtandao wenyewe ukanitafsiria. Vyura walikuwepo. Lakini palikuwa pia na vinasaba vya kondoo wenye mkia mnene. Na matibabu ya dharura ya watu walioteleza kwenye barafu wakavunjika. Nikalia. Kumbe kaka yangu alikuwa bingwa wa mambo matatu, na kwa unyenyekevu akatuambia moja tu!

Pembeni palikuwa na anwani ya barua pepe. Nikajua ni ya kazini kwake. Nikaandika kwa Kiswahili (Kiingereza changu ni cha kununulia mkate): "Ndugu wafanyakazi, mwenye anwani hii amefariki dunia. Karibuni arobaini yake Jumamosi hii, Flemingdon Park, ukumbi wa chini ya jengo letu." Hakuna aliyejibu. Nikasema wazungu hawana utu.

Leo asubuhi nikamkuta msimamizi wa jengo akimwaga chumvi kwenye ngazi za mlangoni, kuyeyusha barafu. Nikakumbuka kaka alivyokuwa akigombana naye kuhusu chumvi hiyo hiyo. Nikamwomba, "Leo tu, kwa heshima ya marehemu, usimwage." Mzee wa watu akaondoka na mfuko wake. Nikajiona nimetenda jambo kubwa.

Dua ikasomwa. Ukumbi umejaa. Shangazi Tatu analalamika kwamba sisi Wanyamwezi tumefanya msiba mzima bila mtani hata mmoja wa kutuchangamsha. "Toronto nzima hakuna Mzaramo? Msiba gani huu, kama hospitali!"

Nikasimama na karatasi yangu. Nikasoma vyura. Nikasoma kondoo. Watu wakaanza kutazamana. Nilipofika kwenye barafu, mwanamume mmoja mwenye koti jeusi, tusiyemfahamu, akainua mkono kutoka nyuma.

"Samahani. Hizo za barafu ni zangu."

"Zako kivipi?" nikamuuliza.

"Ramadhani Shabani ni mimi. Niko hai."

Shangazi Tatu akamkazia macho. "Wewe kabila gani?"

"Mimi? Mzaramo. Wa Kisarawe."

Ukumbi ukalipuka! Mtani kaja, tena kajifanya marehemu! Watu wanapiga makofi, wengine wanajifuta machozi kwa kicheko. Shangazi akamvamia, akamvua koti. "Maiti havai koti!" Akampokonya funguo za gari. "Unakwenda nazo kuzimu, utaegesha wapi?" Vijana wakamlaza mkekani, wakamfunika kanga.

"Jamani, mimi ni daktari!" anasema chini ya kanga.

"Umeshindwa kujitibu mwenyewe!" Shangazi akamjibu.

Nami, mfiwa mzima, nikasema (Mungu anisamehe): "Tulia hapo, mzoga wewe, nimalize wasifu wako!"

Akajichomoa. Akatoa kitambulisho cha hospitali. Picha yake. Jina la kaka yangu.

Kicheko kikakatika kama redio iliyochomolewa.

"Barua pepe umeandika wewe, dada?" akaniuliza kwa upole. "Nilikuwa zamu. Nikasoma kwamba nimefariki. Nikamsomea mama kwa simu nikidhani atacheka. Alipiga yowe, majirani zake wote kule Scarborough wakajaa ndani. Ndiyo nimekuja kuona nani amekufa kwa jina langu."

Nilitamani sakafu inimeze. Nikaomba radhi. Kisha nikauliza, sijui kwa nini: "Na kondoo?"

"Kondoo simo."

Basi kondoo wana R. Shabani wao. Mpaka sasa hatujamjua. Mimi nimebaki na karatasi mkononi, kila kitu kimeondoka, zimebaki kazi chache za vyura. Nikakunja karatasi nikae.

"Usikae," daktari akasema. "Soma za kwake."

Nikasoma. Polepole, kwa maneno yangu. Kwamba chumvi tunayomwaga barabarani majira ya baridi inateremka na maji mpaka bondeni. Kwamba mayai ya vyura hayaiwezi. Kwamba mtu mmoja alikwenda kila mwaka na ndoo kuyapima maji hayo.

Hakuna aliyecheka. Shangazi Tatu akasema taratibu, "Kumbe ile ndoo."

"Tungegombana sana mimi na yeye," daktari akasema. "Kila ninayemfunga mfupa, natamani mji uongeze chumvi."

Mimi kwa furaha nikatangaza kwamba leo ngazi zetu hazina chumvi hata punje, kwa heshima yake. Watu wakaitikia, "Mungu amrehemu." Mamia ya akili mle ndani, na hata moja haikushtuka!

Tukamfungia daktari sinia la pilau ampelekee mama yake. Nikamsindikiza, nimemshikia koti na simu. Akafungua mlango. Akakanyaga ngazi ya kwanza.

Ngazi nyingine hakuzikanyaga. Alizipita kwa mgongo.

Pilau hewani! Shangazi Tatu akapiga kelele mpaka ghorofa ya juu: "Marehemu kaanguka! Jamani, marehemu kavunjika mkono!"

Tumempeleka hospitali kwake mwenyewe. Nesi wa mapokezi alipomwona ilibidi ageukie ukutani, mabega yanamtetemeka. Mimi nikakaa pale nje na koti, na punje za pilau kwenye kola. Mara simu yake ikaita mfukoni. Ni mama yake.

"Mwanangu yuko wapi?"

Mimi sijui kusema uongo. "Yuko hospitali, mama."

"Amekufa?"

"Hapana, mama. Safari hii ni mkono tu."