Nguzo ya Rex Gilhooly

Karavani ya Merv na Noelene Tuckwell, nyumba ya kukokotwa na gari, ilipochomoza kwenye kona, nyeupe kama jino la bandia, Rex Gilhooly alikuwa amejinyoosha kwenye kiti cha turubai ukingoni mwa Mto Bramble, akitafuta mtu wa kumhurumia.

Huruma ndiyo ilikuwa kazi yake. Wengine wanauza samaki, wengine wanauza bima. Rex alikuwa anauza huruma, tena ya jumla na rejareja.

Ni kwamba barabara ya Ghuba, huko kaskazini mwa jimbo la Queensland, ina burudani moja tu. Unafika kwenye kivuko cha mto kisicho na daraja, unatoa kiti, unatoa bia, unakaa kwenye kivuli na kutazama gari la mwenzio likizama. Hakuna kiingilio. Wastaafu waliotoka kusini kukimbia baridi hukaa hapo kutwa nzima, nyavu za kuzuia nzi usoni, wakipiga makofi kama wako kanisani. Mahali watu wanapokaa kusubiri maafa, tapeli anahitaji kazi gani tena? Anavuta kiti, anasogea karibu, anaanza kusikitika.

Rex alikuwa amejiongezea na kibao: HIFADHI YA KARAVANI. ACHA NYUMBA, OKOA ROHO. Nyuma ya kibao, uwanja wa vumbi na uzio wa waya. Na katikati ya kivuko, nguzo ya kupimia kina cha maji, mali ya halmashauri, ambayo Rex mwenyewe aliichimbia shimo usiku mmoja akaishusha sentimita sabini. Tangu hapo, maji ya kufika magotini yalisomeka ya kufika kifuani. Kazi safi. Halmashauri yenyewe haijawahi kuchimba kitu vizuri hivyo.

"Mzee wangu!" Rex aliruka kitini kabla Merv hajazima injini. "Usiniambie unataka kuvuka na hiyo."

Merv Tuckwell, mzee mwenye kaptula fupi na soksi ndefu, akachungulia nguzo. "Mita moja na ishirini?"

"Na leo mto una hisani. Juzi niliona karavani kama hiyo hiyo, nakuapia, imebebwa na maji mlango wazi, mama wa watu anaelea na birika mkononi."

"Alikufa?" aliuliza Noelene, mkewe, akishuka na bati la biskuti.

"Birika lilipona," alisema Rex, akainamisha kichwa.

Noelene akamshika mumewe mkono. Rex akaona walivyoshikana, akajua ameshinda. Mtu akishaanza kushikana mikono, mfuko wake uko wazi.

"Sisi hatuna kingine, mwanangu," alisema Noelene. "Ile nyumba ya matofali ya Ballarat tuliiuza. Nyumba ndiyo hii. Kitanda, picha za wajukuu, hata majivu ya dada yangu Beryl yako kwenye kabati la juu ya jiko."

Mtu mwenye moyo angesita hapo. Rex naye alisita: alikuwa anajiuliza kama Beryl atapunguza bei. Alikuwa na mnunuzi kule Cairns, bwana asiyeuliza maswali, na hii ilikuwa karavani ya mwisho kabla mvua hazijafunga barabara. Sola juu ya paa, friji mbili, choo cha ndani. Akiuza hii, msimu mzima wa mvua yuko kisiwani Bali, miguu juu.

"Mama," alisema kwa sauti ya mtu anayebatiza, "iache kwangu. Vukeni na gari tupu na hema. Mkirudi, mtaikuta kama mlivyoiacha. Beryl nitamsalimia kila asubuhi."

"Huyu kijana ana moyo," Noelene alimwambia mumewe.

"Ana uzio pia," alisema Merv, aliyekuwa anathamini vitu vya kushikika.

Wakamwachia ufunguo. Wakamwachia na biskuti. Kisha wakaingia mtoni na gari lao, Noelene amefumba macho, na Rex akawapungia kitambaa mpaka walipopanda ng'ambo. Hata hakungoja wapotelee msituni. Alienda moja kwa moja baa ya kituo cha mafuta, kusherehekea, na huko akasherehekea mpaka sherehe ikamlaza juu ya meza ya biliadi.

Mawingu nayo, upande wa milimani, yalikuwa yanakusanyika. Lakini mlevi gani anatazama milima?

Asubuhi aliamka na kichwa kizito, akafunga karavani nyuma ya Landkruza yake na kushika njia ya mashariki, kuelekea Cairns, akipiga mluzi. Hizo zilikuwa dakika tamu za maisha yake, na ni haki tuzitaje kwa sababu zilikuwa chache.

Maana Rex, kwa ujanja wake wote, hakuwahi kuishi kwenye karavani. Aliziiba tu. Hakujua kwamba wastaafu wa barabara ile wana desturi ya kuandika majina yao nyuma ya nyumba zao, pamoja na chaneli ya redio ya upepo, ili yeyote atakayewaona asiwapite bila salamu. Ya Tuckwell iliandikwa kwa herufi za rangi ya machungwa, kubwa kama madirisha: MERV NA NOELENE. TUNAKULA URITHI WA WATOTO. CHANELI 18.

Redio ya Landkruza ikakoroma.

"Merv! Merv Tuckwell! Si nyie hao mmeingia lami sasa hivi? Col hapa, Col Brandis, niko nyuma yenu, mmenipita nimeegesha! Shirl anauliza, ule mgongo wa Noelene vipi?"

Rex akashika usukani kwa mikono miwili.

"Merv? Noelene, mshtue huyo mzee wako, amelala tena!"

Rex akakanyaga mafuta. Mbele yake, kutoka mashariki, ikaja karavani nyingine. Dereva akawasha taa, akapunga mkono mzima. Halafu ya pili, na ya tatu. Kumbe walikuwa msafara mmoja, uliokuwa umeahidiana na Tuckwell kukutana kivukoni.

"Col, nimepishana nao sasa hivi," ilisema sauti ya mwanamke redioni. "Aliyeshika usukani si Merv. Ana ndevu."

"Labda amefuga."

"Tangu Jumanne? Col, na kando yake hakuna Noelene!"

Kisha Col, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuendesha gari la zimamoto la kijiji na hajawahi kulisahau: "Merv ameanguka. Kuna msamaria anamkimbiza hospitali. Wote geuzeni! Tumsindikize!"

Hapo ndipo Rex alipokutana na adui asiyewahi kumsomea: wema. Polisi angejua la kumwambia. Mwenye mali angemkimbia. Lakini karavani sita zinazokufuata kwa upendo, taa zinawaka mchana, mama mmoja anakuombea kwenye redio, utaziambia nini? Mbele kulikuwa na daraja la njia moja, na mtu mmoja mwenye karavani ndefu kama treni alikuwa tayari amelisimamisha gari lake katikati, ameshuka na sanduku la huduma ya kwanza.

"Leta mgonjwa!" alipiga kelele.

Rex akageuza. Sifa zake tumpe: kugeuza karavani kwenye barabara ya njia moja bila kuivunja ni ufundi. Alipita vichakani, akaangusha vichuguu viwili vya mchwa, akarudi magharibi mbio, na nyuma yake upendo wote ukageuza vilevile.

"Anaelekea kivukoni!" Col alilia redioni. "Amechanganyikiwa huyo msamaria! Msamaria, hospitali ni huku!"

Rex alikuwa na hesabu yake. Akivuka Bramble, ng'ambo kuna njia ya vumbi hadi mpaka wa jimbo, na hakuna mstaafu atakayethubutu kumfuata kwa sababu ya ile nguzo. Nguzo yake mwenyewe! Alitamani kuibusu.

Alipofika, watazamaji walikuwa wamekwishakaa pande zote mbili za mto. Upande huu, mbele kabisa, alikaa Shangazi Delma, mama wa pale pale, wa ukoo wenye mto huo tangu mto haujapewa jina la mzungu. Alikuwa na uzi wa kuvulia samaki kwenye kidole gumba na pakiti ya chipsi mapajani. Ng'ambo, watu wawili wenye kofia na nyavu za nzi usoni walikaa kwenye viti vyao kama magunia.

Maji yalikuwa mekundu, yanapita upesi. Rex akatazama nguzo. Mita moja na thelathini.

Akacheka. Toa sabini zangu, inabaki sitini. Sitini ni maji ya kuoshea miguu.

"Kijana," alisema Shangazi Delma, bila kugeuza shingo, "mto umejaa."

"Naona nguzo, shangazi."

"Naona nawe unaiona. Nakwambia mto."

"Shangazi, wewe vua samaki, mimi niachie hesabu."

Shangazi Delma akaweka chipsi mdomoni. "Haya. Askofu naye hajala tangu juzi."

Askofu alikuwa mamba. Alipewa jina hilo kwa sababu ya tumbo lake na namna alivyokuwa akiota jua mikono imetandazwa, anabariki.

Nyuma, vumbi la msafara lilikuwa linakaribia. Rex akapiga mahesabu ya mwisho: akiwa na karavani atavuka polepole na watamfikia, bila karavani, dakika moja yuko ng'ambo. Roho ilimuuma kama inang'olewa bila ganzi. Akashuka, akaifungua karavani, akaiacha pale ukingoni nzima, na friji zake mbili, na Beryl wake. Kisiwa cha Bali akakiaga. Kisha akaruka ndani ya Landkruza, akauingia mto kama mtu anayeingia bafuni kwake.

Magurudumu yakazama. Sawa. Milango ikazama. Rex akakunja uso. Kisha boneti ikazama, taa zikazama zikiwa zinawaka, injini ikakohoa mara moja kama mzee anayetaka kusema neno, ikanyamaza. Landkruza ikaanza kuteleza pembeni taratibu, ikagota kwenye nguzo, ikasimama. Rex akatoka dirishani, akapanda juu ya paa, viatu vimechukuliwa na maji.

Pande zote mbili, makofi.

"Nane kwa kumi!" alipiga kelele mtu.

"Saba. Hakupiga honi."

Ng'ambo, wale wawili wakasimama na kufunua nyavu zao. Rex akaona soksi ndefu.

"Merv," alisema Noelene, na sauti yake ilivuka maji vizuri tu, "ile si karavani yetu? Mbona imetoka uani?"

"Yule si kijana wa uzio?" alisema Merv.

"Mbona umetuletea mapema, mwanangu?" Noelene alimwita Rex. "Sisi jana tungeifuata wenyewe! Tulipovuka tu tukaona maji hayafiki hata kwenye ngazi ya gari, na nguzo inasema kifuani. Tukasema mafuriko ya mwaka jana yameididimiza. Merv akaifunga kamba, akaivuta juu kwa winchi ya gari, tukaishindilia mawe mpaka ikasimama sawasawa. Halafu tukakuta maji yamepanda, tukalala huku."

Rex akaigeukia nguzo.

"Mlifanya hivyo kwa nini?" alisema, kwa sauti ya mtoto aliyeonewa.

"Kwa wanaokuja nyuma, mwanangu," alisema Noelene. "Si mtu anaweza kufa!"

Shangazi Delma alicheka mpaka chipsi zikamwagika. "Mie niliwaona jana," alisema. "Nikasema, hawa wazee wananyoosha kazi ya mtu. Na mwenye kazi yuko baa."

Msafara ukawasili. Col Brandis akashuka mbio na machela, akakuta karavani haina mgonjwa, mto una mwizi, na Merv yuko ng'ambo anampungia, mzima kama kigongo. Col hakuwa mwepesi wa kuelewa, lakini alipoelewa aliketi. Wote wakaketi. Wakatoa viti, wakatoa masanduku ya barafu, wakapanga nusu duara. Mtu mmoja akapiga simu polisi kwa simu ya setilaiti. Akajibiwa wako njiani, ila watu wasiwe na haraka, na huyo mwizi asihame.

"Ahame aende wapi?" alisema Shirl Brandis, akimkabidhi mumewe bia.

Upande wa chini wa mto, kitu kama gogo kikafumbua macho mawili, kikaanza kuja kwa heshima na taadhima.

"Kamba!" Rex alilia. "Mzee Merv! Ile winchi!"

Merv alikuwa ameshaanza kuifungua kamba. Watu wa namna ile huwezi kuwaponya. Lakini kamba ilikuwa fupi, na gari lilikuwa mbali, na ilibidi Rex aruke maji ya upana wa kitanda ili kuishika, akiacha Landkruza na kisanduku chake cha chuma chini ya kiti, kilichobeba pesa za msimu mzima wa huruma.

Akasita. Hata hapo, mbele ya Askofu, alisita.

Noelene akachukua redio ya gari lao, na kwenye karavani zote sita sauti yake ikasikika mara moja, tamu, ya bibi anayemwita mjukuu mezani:

"Acha gari, mwanangu. Okoa roho."

Rex Gilhooly akaitazama nguzo kando yake. Maji yalikuwa yamepanda, mita moja na nusu. Safari hii hakutoa kitu.

Akaruka.